Kiingereza cha mtihani chawaacha vijana wa Dodoma bila la kusema

OKTOBA 2015 kampuni ya Viettel kutoka Vietnam ilizindua nchini mtandao wa simu za mkononi wa Halotel, ikaanza kutandaza nyaya na kusimika minara hadi katika vijiji ambavyo kampuni zilizotangulia hazikuwa na haraka ya kuvifikia. Pamoja na mitambo walikuja mafundi na mameneja wa Kivietnam. Wengi wao hawakujua Kiswahili, na Watanzania waliopangiwa kufanya nao kazi hawakujua Kivietnam. Lugha iliyobaki ya kuelewana ilikuwa Kiingereza, ambacho kwa pande zote mbili ni lugha ya kuazima.

Hali hiyo imejirudia mara kadhaa katika uwanda wa kati wa Tanzania. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma hadi Makutupora mkoani Singida ilikabidhiwa kwa kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Uwanja wa ndege wa Msalato, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022, ulipewa makandarasi wa Kichina. Mturuki, Mchina, Mvietnam na Mgogo wakikutana kwenye eneo la ujenzi, hakuna hata mmoja aliyelelewa kwa Kiingereza. Lakini hicho ndicho wanachokitegemea ili saruji ifike kwa wakati na mtu asikatwe mkono na mashine.

Hapo ndipo penye fumbo. Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne amefundishwa baiolojia, fizikia, historia na jiografia kwa Kiingereza miaka minne mfululizo. Mvietnam wa umri wake amesoma masomo hayo yote kwa Kivietnam, na Kiingereza amekipata kama somo moja la lugha kati ya masomo mengine. Kwa hesabu za kawaida Mtanzania ndiye angestahili kuwa mkalimani wa mwenzake. Lakini kijana anayeweza kuandika maana ya usanisinuru kwa Kiingereza mara nyingi hukwama anapotakiwa kumweleza mgeni kwamba maji yamekatika na yatarudi jioni.

Kukwama huko hakutokani na uvivu wa kijana. Ni matokeo ya uamuzi wa muda mrefu wa kuchanganya mambo mawili yasiyofanana: kujifunza Kiingereza, na kujifunzia kwa Kiingereza. Vietnam iliyatenganisha mambo hayo mapema, ikapata faida yake na ikaonja hasara yake. Tanzania haijayatenganisha hadi leo, na wanaoumia zaidi ni watoto wa Bahi, Chamwino, Chemba na Kongwa kuliko wale wa Area D.

Ulimi wa Hanoi, ulimi wa Dodoma

Kabla ya kulinganisha sera, inafaa kutazama kazi yenyewe anayokabiliana nayo mwanafunzi. Kivietnam ni lugha ya toni. Silabi ile ile ikitamkwa kwa sauti ya kupanda, ya kushuka au ya kukatika hutoa maneno tofauti kabisa. Lahaja ya Hanoi ina toni 6. Kitenzi chake hakibadiliki umbo kwa ajili ya wakati wala nafsi, na nomino haivai alama ya wingi. Silabi zake haziruhusu konsonanti mbili au tatu kufuatana mwishoni. Kwa hiyo Mvietnam anapokutana na neno kama "asked" au "months" hulipunguza: konsonanti za mwisho humezwa, na pamoja nazo humezwa alama ya wakati uliopita au ya wingi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mzigo wa aina nyingine. Wakati, nafsi na wingi havimtishi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba vyote hivyo mgongoni. Lakini silabi za Kiswahili hupenda kuishia na irabu, ndiyo maana "blanket" ilipoingia ikawa blanketi na "bicycle" ikawa baiskeli. Mvietnam hukata, Mswahili huongeza. Isitoshe, Kiswahili kina irabu 5 tu, ilhali za Kiingereza ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Matokeo yake "ship" ya meli na "sheep" ya kondoo hutoka kinywani zikiwa sawa, na msikilizaji hajui kama jirani anaishi hapa au anaondoka hapa.

Kuna pia mitego ya sarufi isiyoonekana kwa macho. Kiswahili kina neno moja, yeye, kwa mwanamume na mwanamke, hivyo mtu mwenye shahada anaweza kumwita mama yake "he" bila kushtuka. Kiambishi -ni cha nyumbani, mezani na sokoni hutosha mahali pote, wakati Kiingereza kinamtaka mtu achague kati ya "in", "on" na "at". Kiswahili hakina vijineno vya "a" na "the" kabla ya nomino, na Kivietnam nacho hakivitumii kama Kiingereza kinavyovitumia. Hapo wanafunzi wa Hanoi na wa Dodoma hukosea kosa moja.

Kwa mtoto wa vijijini katika uwanda wa kati, hata hivyo, Kiingereza mara nyingi ni lugha ya tatu. Nyumbani huanza na Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kinyiramba, au Kisandawe chenye sauti za vidoko ambazo hata Watanzania wenzake hawaziwezi. Shuleni hukutana na Kiswahili. Akishakizoea kiasi cha kufaulu mtihani wa darasa la saba, hufika kidato cha kwanza na kuambiwa kwamba kuanzia Jumatatu hisabati itakuwa kwa lugha nyingine.

Adabu isiyotafsirika

Ugumu mkubwa wa maneno ya kila siku hauko katika matamshi wala sarufi. Uko katika desturi. Kivietnam hakina neno moja la "wewe" linalofaa kwa kila mtu. Mzungumzaji huchagua neno la ukoo kulingana na umri na heshima ya anayemkabili: kaka, dada, mdogo wangu, babu, bibi. Ndiyo maana Mvietnam humwuliza mgeni umri wake mapema, jambo ambalo Mzungu huliona ni utovu wa adabu, kumbe anatafuta namna ya kumwita kwa heshima.

Mkazi wa Dodoma anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Kumwambia mzee "wewe" kavu ni kumtukana. Huitwa mzee, baba, mama au shangazi, na mazungumzo hufunguliwa kwa shikamoo. Kwa Wagogo hufunguliwa kwa "Mbukwenyi", salamu ambayo hata viongozi wa kitaifa huitumia kwanza wanapopanda jukwaani mkoani humo. Kiingereza humpa mwanafunzi "you" moja tu, ya mtoto na ya rais, kisha kikaificha heshima mahali pengine: katika "could you", "would you mind" na "please". Asiyeoneshwa mahali hapo husema "give me water" akidhani amesema naomba maji. Maneno yake ni sahihi kwa sarufi, lakini yamemfika mgeni kama amri.

Mifano ni mingi. "Pole" huambiwa aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka safari na aliyechoka na kazi. Kiingereza hakina neno la kulingana nalo, basi Mtanzania husema "sorry", na mgeni humjibu kwa mshangao kwamba kosa si lake. Anayeondoka kwa dakika tano husema "nakuja"; akilitafsiri moja kwa moja, mgeni humwona mtu akimwambia "I am coming" huku akimpa mgongo. Kuazima kwa Kiswahili kunaweza kuwa kwa anayetoa na kwa anayepokea, kwa hiyo "borrow me your pen" husikika kila siku. Mvietnam naye ana yake: salamu ya kumwuliza mtu kama amekwisha kula wali, ikitafsiriwa kwa Kiingereza, hugeuka kuwa mwaliko wa chakula ambao hakuukusudia.

Mtego wenye gharama kuliko yote ni wa saa. Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, Mwingereza huhesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Saa mbili asubuhi ya Dodoma ni "eight o'clock". Mpokea wageni anayetafsiri tarakimu badala ya wakati humwambia mgeni kwamba gari litaondoka "two in the morning", na mgeni hukesha akilisubiri. Kosa hili halisahihishwi kwa kukariri orodha ya maneno. Linahitaji mtu azoee kulitumia neno mahali pake, kwa mdomo, mara nyingi.

Hicho ndicho Kiingereza kinachohitajika mapokezi, stesheni, zahanati, gereji na Mji wa Serikali wa Mtumba. Si kingi, wala hakihitaji miaka ya falsafa. Lakini hakipatikani katika kitabu cha fizikia.

Uamuzi uliobaki nusu

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na wengi walitarajia kwamba sekondari zingefuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kutumia Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo.

Wakati huo huo kengele nyingine ilikuwa ikilia. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima hali ya Kiingereza katika shule na vyuo nchini. Waligundua kwamba takriban mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi wa kidato cha nne alikuwa amefikia kiwango ambacho, kwa maoni yao, mtu angestahili kuanza kusomeshwa kwa lugha hiyo. Yaani wengi walikuwa wanamaliza safari kabla ya kufika mahali ilipopaswa kuanzia. Pamoja na hayo Kiingereza kilibakizwa, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa msaada wa Uingereza wa kukiimarisha, ambao ulipeleka mashuleni vitabu vya hadithi vya lugha nyepesi.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikipenda Kiswahili kiasi cha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, katika miaka hiyo hiyo alikitetea Kiingereza kwa kukiita Kiswahili cha dunia. Hoja yake ilikuwa na uzito, na bado inao. Nchi changa isingeweza kujifungia. Lakini kukihitaji Kiingereza ni jambo moja, na kukifanya mlango wa kila somo ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ndiyo iliyosisitizwa na watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 na kuwaunganisha wanazuoni wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo walirudia mara nyingi kwamba mwanafunzi hajifunzi lugha kwa kufundishwa masomo mengine kwa lugha asiyoielewa. Hukosa vyote viwili: somo halimwingii, na lugha haimkai. Anachojifunza ni kunakili ubaoni na kukariri majibu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika kufundishia katika ngazi zote. Utekelezaji haukufuata. Toleo la 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, halikuuondoa utaratibu wa zamani: shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba katika kipindi hicho hicho Kiswahili kilipanda kila mahali pengine. Mwaka 2019 kilikuwa lugha rasmi ya SADC. Mwaka 2021 Bunge, likiwa Dodoma, lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Lugha inayotosha kumhukumu mtu kifungo bado haijaonekana kutosha kumfundishia mtoto muundo wa jani.

Vietnam ilivyopita njia nyingine

Serikali iliyotangaza uhuru mjini Hanoi mwaka 1945 ilikifanya Kivietnam lugha ya kufundishia, hadi chuo kikuu. Tangu hapo lugha za kigeni zilipanda na kushuka kwa upepo wa siasa. Kifaransa cha mkoloni kilififia. Kirusi kikashika nafasi ya mbele katika miaka ya urafiki na Muungano wa Kisovieti. Baada ya mageuzi ya uchumi ya 1986, na zaidi baada ya Julai 1995, mwezi ambao Vietnam iliingia katika jumuiya ya ASEAN na kurejesha uhusiano wa kibalozi na Marekani, Kiingereza kikavishinda vyote. Katika misukosuko yote hiyo hisabati na sayansi zilibaki katika lugha ambayo mtoto aliielewa.

Matokeo yalionekana mwaka 2012, Vietnam iliposhiriki kwa mara ya kwanza katika mtihani wa kimataifa wa PISA kwa wanafunzi wa miaka 15. Ilipata alama 511 katika hisabati, wakati wastani wa nchi tajiri za OECD ulikuwa 494. Katika sayansi ilipata 528. Wapo waliotahadharisha, na kwa haki, kwamba sehemu kubwa ya vijana wa umri huo nchini humo hawakuwa shuleni, hivyo waliopimwa walikuwa wamechujwa. Hata kwa tahadhari hiyo, hakuna aliyeweza kudai kwamba kusoma kwa Kivietnam kuliwanyima watoto hao sayansi.

Kwa upande wa Kiingereza chenyewe, hata hivyo, Vietnam haina la kujivunia sana. Mwaka 2008 ilianzisha mradi wa taifa wa lugha za kigeni uliolenga kwamba kufikia 2020 wahitimu wake walio wengi waweze kutumia lugha ya kigeni, hasa Kiingereza, bila kushikwa mkono. Fedha nyingi zilitengwa. Novemba 2016 waziri wa elimu wa nchi hiyo, Phung Xuan Nha, alikiri mbele ya Bunge kwamba malengo hayo yasingefikiwa. Sababu zilizojadiliwa zinafahamika pia Tanzania: walimu ambao wenyewe hawakuwa na Kiingereza cha kuzungumza, madarasa makubwa, na mitihani iliyopima sarufi na kuchagua jibu sahihi huku kuongea kukiachwa nje. Muda wa mradi ukasogezwa hadi 2025. Agosti 2024 chama tawala kikaelekeza kwamba Kiingereza kifanywe hatua kwa hatua kuwa lugha ya pili mashuleni.

Kwa hiyo somo la Vietnam lina pande mbili, na si haki kuuchukua mmoja tu. Upande wa kwanza unawajibu wanaohofu kwamba kufundisha kwa lugha ya taifa kutaitenga nchi na dunia: wawekezaji hawakuikimbia Vietnam, na kampuni yake ya simu ilivuka bahari hadi Dodoma. Upande wa pili unawajibu wanaodhani kwamba ukishabadili lugha ya kufundishia, Kiingereza kitajiweka sawa chenyewe. Hakitajiweka. Kuongea hufundishwa kwa kuongea, na kusipofundishwa hakuji, hata mradi ukigharimu mabilioni.

Jaribio lililofanyika nyumbani

Si lazima kwenda Hanoi kutafuta njia. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Aga Khan, Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza na Taasisi ya Elimu Tanzania, kiliendesha mradi uliotazama hasa mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule za mikoa ya Dodoma, Morogoro na Lindi. Hoja ya mradi huo ilikuwa nyepesi: ikiwa mtoto anatoka kwenye Kiswahili, basi kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza kimpokee hapo alipo.

Viliandaliwa vitabu vya majaribio vya baiolojia, hisabati na Kiingereza. Sentensi zake zilikuwa fupi. Picha zilikuwa nyingi. Maneno magumu yaliwekewa maana yake kwa Kiswahili, na wanafunzi waliruhusiwa, hata kuhimizwa, kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kusema au kuandika kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho katika shule nyingi mtoto huadhibiwa kwa kukizungumza, kilitumiwa kama ngazi ya kupandia. Mradi uliripoti kwamba wanafunzi walivisoma na kuvielewa vitabu hivyo vizuri zaidi kuliko vile walivyovizoea.

Uzito wa jaribio hilo uko katika kuonesha kwamba lugha mbili hazigombani kichwani mwa mtoto. Anayeelewa kwanza kwa Kiswahili kwa nini maji huchemka ana kitu cha kukisema kwa Kiingereza. Asiyeelewa hana cha kusema kwa lugha yoyote, na adhabu ya kuvaa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili haimwongezei hata neno moja.

Wimbi linalokuja

Suala hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu ya mabadiliko mawili. La kwanza ni mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024, ambao umerudisha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza baada ya miaka ambayo lilianzia darasa la tatu. La pili ni muundo mpya wa elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake ni kwamba kuvuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hakutakuwa tena kwa waliofaulu mchujo wa darasa la saba. Kila mtoto atavuka, mwenye nguvu na mnyonge, tena akiwa na mwaka mmoja pungufu wa maandalizi.

Taifa limewahi kuona kinachotokea idadi inapopanda na lugha ikabaki nyuma. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulijenga shule za kata nchi nzima na kuwapa nafasi watoto ambao wazazi wao hawakuota kuipata. Ilikuwa ni haki iliyochelewa. Lakini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wakipata sifuri, hadi serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia uhaba wa walimu hadi ukosefu wa maabara. Lugha ilikuwa miongoni mwao, na ndiyo pekee iliyoligusa karibu kila somo.

Kufundisha Kiingereza darasa la kwanza ni hatua njema endapo mwalimu anakizungumza. Kama hakizungumzi, mtoto atapata miaka miwili zaidi ya kuitikia kwa pamoja "Good morning, teacher", akiwa amesimama, bila kujua la kusema mwalimu akijibu tofauti na alivyozoea. Hesabu yenyewe inatisha. Kipindi cha sekondari ni cha dakika 40. Katika darasa la wanafunzi 70, hata mwalimu akinyamaza kipindi kizima na kugawa muda sawa, kila mmoja hupata sekunde zisizofika 35 za kuongea. Njia pekee ni kuwafanya waongee wawili wawili, kwa wakati mmoja, kelele na zivumiliwe.

Kisha upo mtihani. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne kwa miaka mingi umekuwa wa kuandika. Mwalimu mwenye akili hufundisha kinachopimwa, na mwanafunzi mwenye akili hukisoma hicho. Hata alama chache za kuzungumza, zikitolewa shuleni kama sehemu ya maendeleo ya mwanafunzi, zingebadili mambo darasani kuliko waraka wowote. Vietnam ilichelewa kulitambua hilo, na gharama yake ilionekana.

Wenye uwezo mijini wamekwisha kujitafutia njia. Shule za mchepuo wa Kiingereza zimeongezeka, na wazazi hujinyima ili watoto wao wasome huko. Si haki kuwabeza. Wameona kwamba anayezungumza Kiingereza hupata kazi ya mapokezi, ya ukalimani kwenye ujenzi, ya ofisi za mashirika, na wasiokizungumza hubaki kubeba mizigo. Hawakosei kukitamani. Linalosikitisha ni kwamba lugha ambayo serikali inamlazimisha mtoto wa kila kijiji aisomee, inawafikia kwa ukamilifu wale tu wanaoilipia. Mtoto wa Kisasa huingia kidato cha kwanza akiijua. Mtoto wa Mvumi huingia akiisubiri. Wote wawili hupewa karatasi moja ya mtihani, na matokeo yakitoka husemwa kwamba mmoja ana akili kuliko mwenzake.

Njia ya haki ingeanza kwa kuyatenganisha madeni mawili. Deni la kwanza ni maarifa, na hilo lilipwe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, au walau kwa vitabu na ufundishaji unaoitumia lugha hiyo bila aibu, kama ilivyojaribiwa Dodoma. Deni la pili ni Kiingereza chenyewe, nalo lilipwe kwa ukamilifu: walimu waliofundishwa kuzungumza, vipindi vya kuongea, maneno ya kila siku yanayofundishwa pamoja na adabu yake, na mtihani unaomsikiliza mwanafunzi. Kulipa deni moja na kudai kwamba la pili limelipika humo humo ndiko kumeifikisha nchi hapa ilipo.

Fundi wa Kivietnam aliyefika uwanda wa kati kusimika mnara huenda alikuja na Kiingereza cha kuungaunga, kilichokatwa konsonanti zake za mwisho. Lakini umeme na mawimbi ya redio alivisoma na kuvielewa kwa lugha ya mama yake, na Kiingereza chake kilimtosha kueleza alichokijua. Kijana wa Bahi aliyesimama kando yake anastahili yote mawili, maarifa na maneno. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tanzania imekitaka Kiingereza kwa zaidi ya miaka sitini ikiwa imesimama wima, na gharama ya kutoinama imelipwa na watoto wa vijijini.